Kuchukua sampuli za maji ya mto kwa kipimo cha kemikali: mwongozo kamili kutoka ukingoni hadi maabara

Swali ninaloulizwa kuliko yote huja likiwa limechelewa: "Tulipeleka maji maabara, majibu yakaja kwamba ni safi, lakini samaki wanaendelea kufa. Tumekosea wapi?" Ukifuatilia, unakuta maji yalichotwa ukingoni kwa chupa iliyowahi kuwa na soda, yakakaa siku tatu kwenye joto, kisha maabara ikaombwa "ipime kemikali". Hapo hakuna jibu la kuaminika ambalo lingeweza kutoka.

Chupa moja ya maji haithibitishi uchafuzi. Kinachothibitisha ni tofauti kati ya maji kabla hayajafika kwenye chanzo unachokishuku na maji hayohayo baada ya kukipita, yakichukuliwa siku moja, kwa chupa za aina moja na kwa utaratibu mmoja. Kila hatua hapa chini ipo kwa ajili ya kuilinda tofauti hiyo.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kwenda mtoni

- Chupa za plastiki ngumu ya polietilini, kwa metali na kwa virutubisho kama naitreti na fosfeti.
- Chupa za kioo cha kahawia, kwa viuatilifu na mafuta. Viuatilifu vingi hunata kwenye plastiki, na vingine huvunjwavunjwa na mwanga.
- Glavu za nitrili zisizo na unga. Unga unaopakwa kwenye baadhi ya glavu una zinki.
- Ndoo ya plastiki na kamba, au fimbo ndefu yenye kishikio cha chupa. Usitumie ndoo ya mabati, kwa kuwa mabati hupakwa zinki na zinki hiyo itaonekana kwenye majibu yako.
- Vipimo vya mkononi: cha pH (kiwango cha asidi au alikali), cha upitishaji umeme (huonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka), cha oksijeni iliyoyeyuka, na kipimajoto.
- Vimiminika vya kusawazishia vipimo: pH 4, 7 na 10, na kile cha mikrosimensi 1413 kwa sentimita.
- Bomba la sindano lisilo na sindano, na vichujio vya mikromita 0.45.
- Lita kadhaa za maji ya maabara yasiyo na madini.
- Kasha la kuhifadhi baridi na barafu nyingi.
- Penseli, kalamu isiyofutika, fomu za kumbukumbu, tepu ya kupimia, saa, na simu inayoonyesha mahali ulipo.
- Jaketi okozi, miwani ya kukinga macho, na maji ya kunawa.

Kama bajeti haitoshi, punguza idadi ya vitu unavyovipima, lakini chupa na barafu usizipunguze.

## Hatua ya 1: Amua unatafuta nini

Hakuna kipimo kinachoitwa "kemikali zote". Kila kemikali ina chupa yake, dawa yake ya kuihifadhi na mashine yake. Ukiomba kila kitu utapewa orodha fupi ya kawaida, na huenda kile kinachoua samaki wako hakimo.

Tembea ukingoni kuelekea maji yanakotoka, uandike kila shughuli unayoikuta. Mashamba makubwa yanakuelekeza kwenye naitreti, fosfeti na viuatilifu. Maji taka ya majumbani yanakuelekeza kwenye amonia na oksijeni. Viwanda vya ngozi vina kromiamu, salfaidi na chumvi nyingi. Machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo huleta zebaki, na pengine sianidi.

Migodi ina alama ambayo mara nyingi huonekana kwa macho. Mwamba wenye madini ya piriti ukikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha metali zilizomo mwambani. Ukiona utando wa rangi ya chungwa umelala kwenye mawe, omba pH, salfeti, chuma, shaba, zinki, aseniki na kadimi. Maji ya namna hiyo yanaweza kuwa maangavu kabisa yakiwa hatari, kwa hiyo usipumbazwe na uangavu.

Viuatilifu vinahitaji majina. Uliza ni dawa gani inapulizwa msimu huo, au soma vibandiko vya makopo yaliyotupwa, kisha uwape maabara jina la kiambato chenyewe. Jina la biashara halitawasaidia.

Ukimaliza hatua hii uwe na orodha ya vitu visivyozidi kumi, na kila kimoja kina sababu unayoweza kuitaja.

## Hatua ya 2: Zungumza na maabara kabla ya kugusa maji

Uliza mambo manne: chupa gani watatoa, dawa gani ya kuhifadhia itakuwa ndani yake, siku na saa gani wanapokea sampuli, na kikomo chao cha kugundua ni kipi kwa kila kemikali.

Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, nalo linaharibu kazi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha risasi kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita. Kama mashine ya maabara haioni chochote chini ya miligramu 0.05, jibu la "haikugundulika" maana yake ni kwamba risasi inaweza kuwa karibu mara tano ya kiwango hicho na hakuna aliyeiona. Tafuta maabara ambayo kikomo chake kiko chini kabisa ya kiwango unachotaka kulinganisha nacho.

## Hatua ya 3: Chagua vituo

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa hiyo usiharakishe.

Unahitaji angalau vituo viwili kwa kila chanzo unachokishuku: kimoja juu yake na kimoja chini yake. Kile cha juu ndicho shahidi wako. Bila hicho, mwenye chanzo atasema uchafu ulitoka kwingine, na hutakuwa na la kumjibu.

Kituo cha juu kiwe karibu na chanzo kiasi kwamba hakuna kijito kingine kinachoingia katikati. Kama kipo, kiwekee kituo chake, muda mfupi kabla hakijaungana na mto mkubwa. Katika bonde lenye vijito vingi, kupima kila kijito karibu na makutano ndiyo njia ya haraka ya kujua ni mkono upi unaoleta uchafu. Baadaye unaufuata huohuo tu.

Kituo cha chini kinahitaji subira. Maji machafu yanapoingia mtoni hayachanganyiki papo hapo. Hukumbatia ukingo mmoja na kuteremka nao, na kwenye mto mpana mchirizi huo unaweza kwenda kilomita nyingi. Ukichota ndani ya mchirizi utapata tarakimu ya kutisha ambayo si hali ya mto. Ukichota ukingo wa pili utapata maji safi ambayo nayo si hali ya mto.

Tumia kipimo cha upitishaji umeme kulipima hilo. Pima ukingo wa kushoto, katikati, na ukingo wa kulia. Tarakimu tatu zikikaribiana sana, maji yamechanganyika na hapo panafaa. Zikitofautiana, teremka zaidi na upime tena. Kama huwezi kuteremka, chukua sampuli tatu kwenye mstari huohuo, kila moja kwa chupa yake, na uandike wazi kwamba maji yalikuwa hayajachanganyika.

Epuka madimbwi yaliyotuama, chini ya maporomoko, na mahali mifugo inaponywea. Darajani panafaa sana: unafika katikati ya mto bila kuingia majini. Chota upande maji yanakotoka, ili vumbi na kutu ya daraja visiingie kwenye chupa yako.

Andika tarakimu za mahali ulipo ambazo simu inakuonyesha, na upige picha nne: juu, chini, kushoto, kulia. Hatua hii imekamilika pale mtu ambaye hajawahi kufika anapoweza kwenda kusimama palepale kwa kusoma maelezo yako peke yake.

## Hatua ya 4: Chagua siku na saa

Mto wa saa kumi na mbili asubuhi si mto wa saa tisa alasiri. Mchana mimea ya majini na mwani hutoa oksijeni na kupandisha pH. Usiku kila kiumbe majini huvuta oksijeni hiyo na hakuna anayeirudisha. Oksijeni huwa chini kabisa muda mfupi kabla ya mapambazuko. Ukipima kituo cha juu asubuhi na cha chini alasiri, unaweza kupata tofauti ambayo imeletwa na jua.

Pima vituo vyote ndani ya saa chache. Kama samaki wanakufa usiku, nenda alfajiri.

Kuhusu msimu, kila wakati una habari yake. Kiangazi maji ni machache, na uchafu unaomwagwa kila siku huonekana vizuri. Mvua za kwanza hufagia mbolea, viuatilifu na mafuta yaliyokaa ardhini kwa miezi. Anayechota mara moja kwa mwaka, katikati ya msimu mtulivu, atakosa vyote viwili.

## Hatua ya 5: Andaa chupa nyumbani

Bandika kibandiko kwenye mwili wa chupa, kamwe si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana, na vikishabadilishana hakuna njia ya kujua. Andika namba ya kituo, tarehe, kipimo kinachotakiwa na dawa iliyomo. Saa utaiandika mtoni.

Tenga chupa mbili za ziada. Ya kwanza ni sampuli tupu: utaijaza mtoni kwa maji ya maabara yasiyo na madini, kwa utaratibu uleule. Ikirudi na zinki, zinki hiyo imetoka kwako na si mtoni. Ya pili ni sampuli pacha ya kituo kimoja, yenye namba ambayo maabara haitaitambua. Pacha zikitofautiana sana, tarakimu zote za siku hiyo zina walakini. Weka pacha moja kwa kila sampuli kumi.

## Hatua ya 6: Pima mtoni yale yasiyosafiri

Joto, pH na oksijeni hubadilika ndani ya chupa kabla hujafika barabarani. Vipimo hivi vifanyike palepale, pamoja na upitishaji umeme.

Sawazisha kipimo cha pH asubuhi hiyohiyo: anza na 7, kisha 4 au 10 kutegemea maji unayoyatarajia. Kisha rudisha kwenye 7 na uone kama kinasoma 7. Weka kichwa cha kipimo majini na usubiri tarakimu itulie. Kipimo cha oksijeni mara nyingi kinahitaji maji yanayotembea, hivyo kitikise polepole kama mto umetulia.

Ili ujue unachokisoma: maji ya nyuzi joto 25, usawa wa bahari, hubeba oksijeni ya takriban miligramu 8.3 kwa lita yakishiba, na kwenye nyanda za juu hubeba pungufu ya hapo. Samaki wengi huanza kutaabika inaposhuka chini ya 4 au 5. Ukikuta 1 au 2, huenda samaki wamekosa pumzi kwa sababu ya maji taka, wala si kwa sumu uliyokuwa ukiitafuta.

## Hatua ya 7: Jaza chupa

Onyo kwanza. Usiende peke yako. Usiingie majini yakiwa juu ya magoti na mkondo una nguvu, wala mahali penye wanyama hatari. Vaa jaketi okozi. Chupa zenye asidi zinaunguza ngozi na macho: vaa miwani, uzifungue ukizielekeza mbali na uso. Na kama unashuku sianidi, asidi isikaribie kabisa sampuli hiyo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi inayoua. Sampuli ya sianidi huhifadhiwa kwa dawa ya alikali ambayo maabara itakuwekea.

Anza na kituo cha chini ukipanda kwenda juu, ili tope utakalolitibua lisikutangulie kituo kinachofuata. Kama unajua kituo fulani kina uchafu mkali, kiache cha mwisho na ubadilishe glavu.

Kisha, kwa kila kituo:

1. Vaa glavu mpya. Simama ukitazama maji yanakotoka, na chupa iwe mbele yako. Maji yanayoingia yasiwe yamepita miguuni mwako. Subiri tope ulilotibua liondoke.
2. Chupa isiyo na dawa ndani isuuze mara tatu kwa maji ya mto, ukimwaga nyuma yako. Chupa yenye dawa, chupa ya mafuta au ya viuatilifu, na chupa iliyotakaswa kwa ajili ya vimelea *zisisuuzwe*. Ukisuuza yenye dawa umeimwaga dawa, na mafuta hushika kwenye kuta za chupa kila unaposuuza.
3. Izamishe chupa ikiwa imeinamishwa mdomo chini hadi sentimita 20 au 30, kisha igeuze mdomo uelekee mkondo. Uso wa maji una utando na takataka, na chini kabisa kuna tope, na vyote viwili havifanani na maji ya mto kwa jumla. Sampuli ya mafuta ndiyo pekee inayochukuliwa karibu na uso.
4. Chupa yenye dawa usiizamishe. Chota kwa chupa safi isiyo na dawa, umimine taratibu bila kufurisha.
5. Kifuniko kishike mkononi, uso wa ndani ukitazama chini. Usikiweke ardhini wala mfukoni.
6. Andika saa. Weka barafuni *sasa hivi*.

Kwa metali, amua kama unataka jumla au zilizoyeyuka tu. Jumla huingia chupani pamoja na tope lake. Zilizoyeyuka lazima zichujwe kwa kichujio cha mikromita 0.45 *kabla* ya kukutana na asidi. Ukitia asidi kwanza, itanyofoa metali zilizoshikamana na tope, na utaripoti kwamba maji yamebeba kitu ambacho kilikuwa kimelala kwenye udongo. Kwa mtu anayetaka kujua kama samaki wanadhurika, ningechukua zote mbili.

Ukimaliza vizuri, chupa zote ziko kavu kwa nje, zimefungwa, kila moja ina saa, na hakuna mchanga ndani ya chupa iliyochujwa.

## Hatua ya 8: Pima mtiririko

Wengi huruka hapa, nami naelewa, maana mmeshachoka. Lakini bila mtiririko huwezi kusema ni kilo ngapi za uchafu zinapita.

Tafuta sehemu iliyonyooka ya mita 10. Pima upana, na kina mahali kama vitano, utafute wastani. Tupa chungwa katikati ya mto (huelea likiwa limezama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi) na uhesabu sekunde. Rudia mara tano. Zidisha kasi kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini.

Mfano: upana mita 8, kina cha wastani mita 0.5, chungwa linatumia sekunde 17. Kasi ni 10 ÷ 17 × 0.85, yaani mita 0.5 kwa sekunde. Mtiririko ni 8 × 0.5 × 0.5, sawa na mita za ujazo 2 kwa sekunde. Maabara ikisema naitreti ni miligramu 3 kwa lita, hizo ni gramu 3 kwa kila mita ya ujazo. Zinapita gramu 6 kwa sekunde, karibu kilo 518 kwa siku.

Sasa mvua inyeshe. Naitreti inashuka hadi miligramu 1 na watu wanasema mto umepona. Lakini mtiririko umepanda hadi mita za ujazo 12, hivyo zinapita gramu 12 kwa sekunde. Uchafu umeongezeka maradufu.

## Hatua ya 9: Hifadhi na ufikishe kwa wakati

Sampuli zikae kwenye baridi ya nyuzi chini ya 6, bila kuganda. Muda ulio nao kabla ya kipimo kufanyika, kwa desturi za maabara nyingi:

- Naitreti isiyotiwa asidi, na uhitaji wa oksijeni wa kibayolojia (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu): saa 48.
- Fosfeti iliyoyeyuka: ichujwe ndani ya dakika 15, ipimwe ndani ya saa 48.
- Amonia iliyotiwa asidi ya salfuriki: siku 28.
- Metali zilizotiwa asidi ya nitriki: miezi 6, isipokuwa zebaki, siku 28.
- Viuatilifu vingi vya jamii ya klorini: siku 7 kabla ya kuvitoa majini kwa kiyeyusho.

Asidi kwenye metali ina kazi yake: bila hiyo, metali hujishika kwenye kuta za chupa na maabara hupima maji yaliyoachwa.

Fomu ya makabidhiano iandamane na kasha. Kila anayepokea aandike jina, tarehe, saa na sahihi. Siku jambo likifika mbele ya mamlaka, karatasi hii itaulizwa kabla ya tarakimu yoyote.

## Hatua ya 10: Soma majibu kwa mpangilio huu

Anza na sampuli tupu na pacha. Zikiwa na kasoro, simama hapo. Zikiwa sawa, linganisha kituo cha juu na cha chini. Kiwango elekezi kije mwisho.

Angalia kipimo kimeandikwaje. Naitreti ina mtego: kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita ikihesabiwa kama naitreti yenyewe, lakini ni takriban 11 ikihesabiwa kama naitrojeni tu. Mtu akisoma 20 ya naitrojeni akailinganisha na 50, atawaambia wazazi maji ni salama kwa mtoto mchanga, na si kweli.

Kumbuka pia kwamba viwango vya maji ya kunywa si viwango vya samaki. Shaba, zinki na kadimi huwadhuru samaki zaidi kwenye maji laini kuliko kwenye maji magumu, hivyo omba ugumu wa maji (wingi wa kalsiamu na magnesiamu) upimwe sambamba na metali. Amonia nayo isomwe pamoja na pH na joto: kwa nyuzi 25, sehemu yenye sumu kali ni karibu asilimia 0.6 kwenye pH 7, lakini hufika asilimia 5 hivi kwenye pH 8 na zaidi ya theluthi kwenye pH 9. Jibu moja la amonia linaweza kuwa dogo asubuhi na la kuua alasiri, pH inapopanda.

Na kama juu na chini vimelingana ilhali samaki bado wanakufa? Huenda uchafu humwagwa kwa vipindi, usiku au siku za mapumziko, na wewe ulifika baada ya mto kuusukuma. Rudia vituo vilevile kwa saa tofauti. Kwa metali, chukua pia tope la chini: kwangua sentimita mbili za juu za matope laini kwa kijiko cha plastiki, mahali mkondo unapopoa, juu na chini ya chanzo, uweke kwenye chupa safi na barafuni kama maji. Metali hushikamana na matope laini, na kilichopita wiki kadhaa zilizopita kinaweza kuwa bado kimelala hapo.